Kinga na Maficho

Newala, alasiri

Mwanangu Somoe,

Utaona nimeandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Macho yangu ni mazima na mkono hautetemeki. Nina sababu yangu, na utaijua ukifika mwisho.

Wewe na mama yako mmekwenda Kitangari kumuaga bibi yako, na mmesema mtarudi kabla ya magharibi. Nimekaa hapa barazani na daftari lako la zamani, lile ulilofundishia elimu ya watu wazima, maana kurasa za mwisho ulikuwa hujaziandika. Sanduku lako liko mbele yangu. Mama yako amelifunga na kulifungua mara tano tangu asubuhi. Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kuandika barua kila mwezi, ya kutoazima viatu vya watu, amekwisha kuyasema yote, na kesho stendi atayarudia. Hapo sitii neno. Mimi nina moja tu la kukuambia, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Kumbuka siku ile tulipokwenda Masasi kwenye usaili wako. Ulidhani nimekwenda kunywa chai. Sikwenda. Nilisimama nje ya dirisha kama mwizi wa kuku, nikasikiliza. Mzee aliyekuwa anakuhoji akakuuliza, "Binti, kwa nini unataka uaskari? Kazi zipo nyingi." Ukamjibu bila kubabaika: "Shikamoo mzee. Baba yangu mdogo alipigwa risasi na Mreno nilipokuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo hawezi kukanyaga baiskeli. Nataka watu kama yeye wawe na mtu wa kuwalinda." Nikasikia kalamu inaandika. Nikajua wamekuchukua. Na huku nje, mwanangu, nikashika ukuta.

Somoe, Mreno hakumpiga Baba yako Mdogo. Nilimpiga mimi.

Haya. Nimeandika. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, na bado limeandikwa. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana si haki uende huko ukiwa umebeba uongo wangu pamoja na shuka zako.

Lazima nianze na bastola yenyewe. Wewe unaijua kwa nje tu, ile rivolva nzito ya matundu sita niliyokuwa nikiivaa kiunoni, na mama yako akiniambia niivue kwanza ndipo nile. Nilipewa kituoni nilipokuwa askari, vita vya Msumbiji vilipopamba moto, wakati ndege za Mreno zinapita juu yetu na njia za kwenda mtoni zimetegwa mabomu. Kabla ya kupewa nilifundishwa miezi mitatu na sajenti mmoja mfupi, mtu wa bara, mkali kama pilipili. Yeye kila kitu alikipa jina, na jina usipolijua huli mchana. Mkao: miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo, mwili umeinama mbele. Mshiko: kitako kimejaa kiganjani, pasibaki nafasi ya upepo. Kidole nje: kidole cha shahada kilale ubavuni mwa chuma, kisiguse traiga, kile kifyatulio, mpaka uwe umekwisha kuamua. Kubana, si kuvuta: ukiivuta traiga kwa pupa mtutu unainama na risasi inakwenda mchangani, lakini ukiibana taratibu mlio unakushtua hata wewe mwenyewe. Haya yote utafundishwa huko, tena vizuri zaidi. Sisi alitufundisha kushika kwa mkono mmoja. Ya mikono miwili niliivumbua mwenyewe, baada ya kuwaangalia wanawake wetu wanavyotua mtungi. Sajenti alinicheka mbele ya wenzangu, akasema, "Huyu anapiga shabaha au anakwenda kisimani?" Lakini gunia langu la shabaha lilikuwa na matundu sita kifuani, na lake matano. Akaacha kucheka.

Unaona? Hata katika barua hii nimeshindwa kutojisifu. Ndiyo tabia yangu hiyo, unaijua. Na ndiyo iliyoniponza.

Katika maneno yote ya sajenti, mawili ndiyo niliyoyapenda, na nikayafundisha mgambo wa hapa kwetu mpaka wakaota nayo: kinga na maficho. Kinga ni kitu kinachozuia risasi, kama shina la mkorosho mkubwa, ukuta wa mawe, kichuguu. Maficho yanakuficha macho ya watu tu, risasi inapita. Majani ya mihogo ni maficho. Mlango wa mabanzi ni maficho. Nilikuwa nawatembeza vijana njiani nawauliza kwa ghafla, "Wewe! Adui yuko mbele! Kinga iko wapi?" Kijana akirukia majani nampiga kofi la kisogo namwambia, "Umekufa, kaa chini." Hata wewe ulikuwa unacheza hivyo na wenzako. Mama yako Mdogo, Mama Zaituni, alikuja kunilalamikia kwamba unawalaza wenzako mavumbini ukiwaambia wamekufa.

Sasa sikiliza.

Wakati ule wanawake walikuwa wanaogopa kuteremka bondeni kuteka maji, maana mtu mmoja alikuwa amekanyaga bomu wiki chache nyuma. Kituoni tukapangiana zamu za kuwasindikiza. Zamu yangu ikawa inaangukia na watu wa Kitangari, na katika msafara huo alikuwamo bibi yako, mama mkwe wangu. Mara ya kwanza niliona aibu mpaka jasho likanitoka. Ninyi wa siku hizi mnaishi kwenye vijiji vya mistari, nyumba zimetazamana, mtu atamkwepa wapi mkwewe? Lakini wakati ule mkwe mwanamume hakukutana uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona anakuja njiani, unatoka njiani. Unaingia majanini, unampa mgongo, unachuchumaa mpaka apite. Hakuna kusalimiana, hakuna kutazamana. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nilikuwa nimeishika tangu nimuoe mama yako.

Basi kazi ikanilazimisha. Nikawa natembea hatua kumi nyuma yake, kila asubuhi, wiki ya kwanza nikitazama chini, wiki ya pili nikitazama mbele. Ilipofika mwezi wa pili nikawa nimezoea. Nilijiambia nikivaa sare mimi si mkwe, mimi ni askari. Yaani nilisahau, Somoe. Si kwamba sikujua. Mtu wa bara angekosea kwa kutojua, na watu wangemsamehe. Mimi mtoto wa hapahapa nilisahau kwa kuzoea.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, ule wa kwetu unaolowesha nguo. Wanawake walikuwa sita, bibi yako mbele. Tulipofika pale njia inapopita kati ya mkorosho mkubwa na shamba la mihogo, nikaona mtu anakuja kutoka chini. Koti la kaki. Alipotuona akasimama. Kisha akakimbilia mihogoni akachuchumaa.

Nikatoa bastola. Mkao, mshiko, kila kitu sawasawa, mwanangu, sajenti angefurahi. Nikapiga kelele, "Wewe! Simama! Toka hapo!" Hakutoka. Nikarudia. Hakutoka. Niliona mgongo wa koti katikati ya majani, hausogei. Na kidole changu, ambacho nilikuwa nimekifundisha miaka kulala ubavuni, kilikuwa ndani. Sikumbuki kilivyoingia. Nilibana, sikuvuta.

Mtu akalia, "Mama yangu wee!" kwa Kimakonde, na sauti nikaijua. Ilikuwa ya Baba yako Mdogo, Baba Zaituni, mwanyumba wangu, tuliyeoa nyumba moja. Bibi yako ni mama mkwe wake kama alivyo wangu. Alikuwa ametoka kuangalia mitego yake, akamwona mkwewe mbele ya msafara, akafanya kama mtu mwenye adabu anavyofanya.

Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali. Na hiki ndicho ninachokiona kila mara: alilipita shina. Mkorosho ulikuwa mkono wake wa kulia, hatua mbili, shina nene la kutosha watu watatu. Mtu anayeogopa risasi angekwenda pale, na angekaa akinitazama ili ajue nafanya nini. Yeye aliliacha shina akaingia kwenye majani, akanipa mgongo. Hakuwa anaogopa risasi. Alikuwa anaona haya. Mimi, fundi wa kinga na maficho, niliyewapiga vijana makofi ya kisogo kwa maneno hayo, nilikuwa natazama jambo lilelile mbele ya macho yangu na sikulisoma.

Nilipomfikia amelala ubavu, paja limepasuka juu ya goti, damu imelowesha mihogo. Unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anavuta koti kujifunika kichwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ni mimi." Akasema, "Najua ni wewe. Mwambie mama asinitazame." Mtu anatoka damu, na anachoogopa ni kuonekana na mkwewe akiwa amelala hivyo.

Bibi yako alikuja. Alitua mtungi wake taratibu kabisa, akavua upande mmoja wa kanga, akapiga magoti, akamfunga paja kwa mikono yake. Akamgusa mkwewe. Wanawake wengine wakageuka wakatazama pembeni. Alipomaliza akaniambia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kusemeshwa naye tangu nioe, "Baba Somoe, mbebe. Mimi siwezi." Nikambeba.

Njiani, akiwa mgongoni kwangu, ndipo aliposema lile neno. "Semeni ni Mreno." Nikamwambia hapana. Akasema, "Wewe utafungwa. Shangazi zake Zaituni watakuja juu, wake zetu, dada wawili hawa, watagombana maisha yao yote. Na mama je? Watu watasema nimepigwa kwa ajili yake. Semeni ni Mreno, ametokea mtoni akakimbia." Bibi yako alikuwa nyuma yetu. Akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia." Basi. Hakuna hata mmoja wa wale wanawake aliyefungua mdomo mpaka leo, na wawili wamekwisha kufa nalo.

Na mimi nilikubali. Ningeweza kusema nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini nilikubali nikiwa na akili zangu, kwa sababu nilipoambiwa sitafungwa nilijisikia nafuu. Kituoni nikaandika kwamba risasi moja nilimpigia nguruwe nikamkosa. Wakacheka, eti fundi wa shabaha amekosa nguruwe. Nami nikacheka nao.

Siku ya tatu nilimtembelea hospitali. Alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akaniambia maneno ambayo sijamwambia mtu: "Baba Somoe, sauti yako niliisikia. Nikasema moyoni, huyu ni mwanyumba wangu, anajua mama yuko hapa, anajua kwa nini nimeingia majanini. Atapita tu. Ndiyo maana sikuogopa, nikakaa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alivyopotea njia. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamwambia, "Nimekuletea ndizi."

Tangu hapo ni ndizi tu, Somoe. Nilimjengea choo. Nilimlimia palizi mbili. Nilimtafutia spana za kutengenezea baiskeli za watu, yeye aliyekuwa akipanda mlima na magunia mawili ya korosho bila kushuka kusukuma. Neno lenyewe sijalitoa. Kila nikilifikisha mdomoni, yeye anageuza habari, anauliza mvua. Labda ananihurumia. Labda naye anaona haya, maana mimi pia ni mkubwa kwake.

Uongo nao ukakua. Tulipohamia kijijini wakamweka mbele kwenye sherehe, wakamtambulisha kwamba ni majeruhi wa Mreno, watu wakapiga makofi. Nilikuwa safu ya pili. Nikapiga makofi. Wallahi nilipiga makofi, na yeye akaniangalia, akainamisha kichwa. Wewe ulikuwa unashangilia kuliko wote, umesimama juu ya benchi.

Sikukusimulia haya ili uache uaskari. Ungeuacha ningesikitika, maana una mkono mtulivu na hupendi kujionyesha, hilo la pili hukulitoa kwangu. Lakini sikutaka siku moja usimame na bastola mkononi, umejaa hasira ya Mreno ambaye hakuwapo.

Unayakumbuka magunia yangu ya shabaha? Nilikuwa nayajaza makumbi, nawe unayachorea macho kwa mkaa. Unayachorea na masharubu mpaka vijana wanacheka wanakosa. Moja nilikukataza. Nilikuambia hilo usilichoree kitu, na nikawa naliweka majanini, pembeni ya shina, na kijana yeyote aliyelipiga nilimfukuza uwanjani siku nzima. Walisema mzee amechanganyikiwa, mwalimu gani anaweka shabaha isiyopigwa? Nawe uliniuliza, "Baba, hili mbona halina uso?" Nikakujibu kwa ukali, ukalia. Lile gunia limenipa mgongo, mwanangu, ndiyo maana halikuwa na uso. Lilikuwa Baba yako Mdogo. Ukali ule haukuwa wa kwako.

Kwa hiyo wakikufundisha huko, shika yote. Mimi nitakuongezea hili tu, kwa sababu sajenti wangu hakuwa na jina lake na mimi pia sijalipata. Kabla kidole hakijaingia, jiulize huyu mtu anamkimbia nani. Siku hiyo nilidhani ananikimbia mimi. Nilikuwa mtu wa maana sana machoni pangu, na bastola ilinizidishia.

Nasikia mbuzi wanarudi. Nifupishe.

Sasa habari ya herufi kubwa. Kesho Baba yako Mdogo ndiye atakayekusindikiza hadi Masasi, umemwomba mwenyewe na amefurahi kama harusi. Barua hii sitaitia sandukuni mwako. Jioni hii, kabla hamjarudi, nitampelekea mkononi, bahasha wazi. Nitamwambia aisome kwanza yeye, na akiona haifai aichome, nami sitamuuliza. Zamani nisingeweza kufanya hivi. Lakini mwaka ule ulipofundisha watu wazima kule kwenye ghala la korosho, yeye alikaa mbele, mguu umenyooshwa, akiburuta kidole chini ya kila herufi, na ulikuja nyumbani ukasema, "Leo Baba Mdogo amesoma mstari mzima!" Kila mtu alikupongeza. Mimi nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, maana nilijua nimepata njia. Kilichoshindikana mdomoni kinaweza kuandikwa, na sasa kuna mtu wa kukisoma.

Mwanyumba, Baba Zaituni, najua hapa kidole chako kimefika. Pumzika kidogo kisha usome taratibu. Nilikupiga mimi. Ulikuwa na adabu, na mimi nilikuwa nimeisahau ya kwangu. Nilikuacha ubebe uongo kwa ajili yangu, na nikakupigia makofi. NISAMEHE.

Somoe, kama karatasi hii iko mkononi mwako, basi yeye ameamua uijue. Atakuwa amekaa karibu yako hapo stendi ya Masasi, anatazama pembeni, anajifanya anahesabu mabasi. Usimuulize maswali. Mwamkie tu kama siku zote. Basi lako likipiga honi, kupanda au kurudi ni juu yako, na ukirudi mlango uko wazi, sitakutazama vibaya. Hasira ukiwa nayo, niandikie. Nitaisoma yote.

Lakini kabla hujapanda, mrudishie yeye barua hii, maana ni yake kabla haijawa yako. Chini ya jina langu nimeacha mistari mitupu. Kama ana la kunijibu, mpe kalamu yako, na usimsaidie herufi.

Baba yako